Mwongozo Kamili wa Kutambua Maradhi ya Farasi Mapema na Kuyakabili Dar es Salaam

Watu wengi wanaofuga farasi hapa Dar es Salaam na kuniomba ushauri hukwama mahali pamoja. Wanatambua kwamba farasi anaumwa wakiwa wameshachelewa, na wanapompigia simu daktari wa mifugo hawana la kumweleza zaidi ya kwamba farasi "amepoa" au "hataki kula". Daktari akiuliza joto la mwili, hakuna aliyepima; akiuliza mapigo ya moyo, hakuna anayejua moyo wa farasi huyo hupiga mara ngapi akiwa mzima.

Mwongozo huu unafuata mpangilio ambao mtunza farasi anaweza kuutumia kuanzia kesho asubuhi: kwanza vifaa, kisha vipimo, kisha ukaguzi wa kila siku, halafu maradhi yanayosumbua zaidi ukanda huu wa pwani. Hauchukui nafasi ya daktari, ila unakuwezesha kumwita kwa wakati na kumpa taarifa zitakazomsaidia kuamua.

## Vifaa vya kuandaa kabla ya yote

Andaa sanduku moja la plastiki lenye mfuniko, liwe mahali ambapo hata mtunzaji wa zamu ya usiku analifikia bila kuomba ufunguo. Ndani yake weka vitu hivi:

- Kipimajoto cha kidijitali kilichofungwa uzi imara wenye kibanio cha nguo mwishoni, pamoja na mafuta ya mgando.
- Saa yenye mshale wa sekunde, au simu.
- Stetoskopu. Ile ya bei nafuu inayouzwa katika maduka ya vifaa vya hospitali inatosha.
- Glovu ndefu za plastiki zinazoonyesha ndani, zile zinazotumiwa na wapandishaji ng'ombe kwa mrija.
- Pamba, bandeji pana, utepe wa gundi ulio mpana na mgumu, na nepi kadhaa za watoto.
- Iodini ya kusafishia vidonda, dawa ya kuoshea ngozi yenye klorheksidini, na chumvi ya kawaida.
- Chuma cha kusafishia kwato na tochi yenye betri mpya.
- Futikamba ya fundi cherehani, ambayo utaitumia kukadiria uzito.
- Daftari gumu na kalamu.

Namba za simu za madaktari wawili zibandikwe ndani ya mfuniko. Nasema wawili kwa sababu madaktari wa mifugo wenye uzoefu wa farasi ni wachache sana jijini, na siku unapomhitaji mmoja anaweza kuwa Bagamoyo. Hakikisha wote wamesajiliwa na Baraza la Veterinari Tanzania.

## Hatua ya 1: Jua vipimo vya farasi wako akiwa mzima

Fanya hatua hii kwa siku saba mfululizo, asubuhi kabla jua halijachomoza vizuri, farasi akiwa ametulia na hajafanya kazi. Kipimo cha siku moja hakitoshi, kwa kuwa farasi aliyeshtuliwa na mbwa au na kelele za bodaboda moyo wake hupanda ghafla, na ukiandika namba hiyo utakuwa umejidanganya.

Joto. Simama ubavuni mwa farasi, karibu na paja, usisimame nyuma yake. Paka kipimajoto mafuta, inua mkia taratibu, kiingize kwenye njia ya haja kubwa kikiegemea ukuta wa utumbo, kisha bana kibanio kwenye nywele za mkia ili kisipotelee ndani wala kudondoka. Farasi mzima aliyekomaa huwa kati ya nyuzi 37.2 na 38.3 za Selsiasi. Mchana wa Februari joto hilo linaweza kupanda kidogo kwa sababu ya hali ya hewa pekee, na ndiyo maana ninasisitiza asubuhi.

Mapigo ya moyo. Weka stetoskopu upande wa kushoto wa kifua, nyuma tu ya kiwiko. Hesabu kwa sekunde 30, kisha zidisha kwa mbili. Kila pigo husikika kama sauti mbili zinazofuatana, nazo huhesabiwa kuwa moja. Makosa mengi ninayoyaona hutokea hapa, mtu akahesabu kila sauti na kuja mbio akisema moyo unapiga mara 76 kumbe ni 38. Farasi aliyepumzika huwa na mapigo 28 hadi 44 kwa dakika.

Pumzi. Tazama ubavu ukipanda na kushuka. Kawaida ni mara 8 hadi 16 kwa dakika, na katika joto letu inaweza kuzidi kidogo.

Fizi. Inua mdomo wa juu. Ufizi uwe na rangi ya waridi na unyevu. Bonyeza kwa kidole gumba mpaka pageuke peupe, kisha achia: rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Ikichelewa, damu haizunguki vizuri au mwili umekauka maji.

Sauti za tumbo. Sikiliza ubavu wa kushoto na wa kulia, juu na chini, kwa dakika moja kila upande. Utasikia mingurumo kama maji yanayopita kwenye bomba la mbali. Ukimya mtupu pande zote ni dalili mbaya.

Uzito. Pima mzunguko wa kifua nyuma ya kiwiko kwa sentimita, kisha urefu kuanzia ncha ya bega hadi ncha ya tako. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha tena kwa urefu, halafu gawanya kwa 11,880. Farasi mwenye mzunguko wa sentimita 170 na urefu wa sentimita 150 ana uzito wa takriban kilo 365. Namba hii itakusaidia kwenye dawa za minyoo na kwenye chakula, kwa kuwa farasi anahitaji majani makavu yasiyopungua asilimia 1.5 hadi 2 ya uzito wake kila siku. Huyu wa kilo 365 anahitaji takriban kilo 5.5 hadi 7.3.

Utakuwa umefanikiwa katika hatua hii ikiwa, baada ya wiki moja, ukurasa wa kwanza wa daftari una wastani wa kila kipimo kwa kila farasi, na kila mtunzaji anaweza kupima bila kusimamiwa.

## Hatua ya 2: Ukaguzi wa dakika kumi kila asubuhi

Anza kwa mbali, kabla farasi hajakuona. Farasi ni mnyama anayewindwa, na tabia yake ya asili ni kuficha udhaifu. Akikuona na ndoo mkononi anaweza kuinua kichwa na kusimamisha masikio hata kama usiku mzima alikuwa na maumivu.

Kisha tazama banda lenyewe. Je, chakula cha jana kimebaki? Maji yamepungua kiasi gani kwenye ndoo? Kuna kinyesi kiasi cha kawaida? Farasi mwenye afya hunya mara 8 hadi 12 kwa siku, na fungu moja au mawili tu baada ya usiku mzima yanakuambia jambo.

Asubuhi moja, huko Kigamboni, nilimkuta farasi jike mwekundu amesimama kimya kabisa, akala karoti niliyompa. Mtunzaji alikuwa tayari amemwandika kuwa mzima. Lakini maranda yaliyotandikwa sakafuni yalikuwa yamechimbwa mpaka saruji ikaonekana, na kulikuwa na mchanga umeganda nyuma ya sikio lake la kushoto, mahali ambapo mchanga hauwezi kufika isipokuwa farasi amejigaragaza. Tulipomsikiliza, moyo ulikuwa unapiga mara 56. Ilipofika saa nne asubuhi alikuwa amelala chini anahema.

Ukimaliza kutazama, mguse. Pitisha viganja miguuni kutoka juu hadi chini ukilinganisha kushoto na kulia, inua kila ukwato na uusafishe, tazama macho na pua, na pitisha vidole chini ya singa na mkia, ambako kupe hupenda kujificha. Farasi anayefumba jicho moja nusu, au anayetokwa machozi jicho moja tu, aonwe na daktari siku hiyohiyo. Usimtie matone yaliyobaki ya mtu mwingine, kwa kuwa baadhi yana dawa za jamii ya steroidi zinazoweza kuharibu kabisa jicho lenye kidonda.

## Hatua ya 3: Tumbo la kusokota

Hili ndilo tatizo linaloua farasi wengi duniani kote, na kwetu lina sababu ya ziada: mchanga.

Dalili. Farasi huparua ardhi kwa mguu wa mbele, hugeuka kutazama ubavu wake, hukunja mdomo wa juu, hulala na kuamka mara kwa mara, hujinyoosha kama anayetaka kukojoa, au hujigaragaza kwa nguvu. Wengine hupoa tu na kuacha chakula. Jasho la ghafla bila kazi ni dalili nzito.

La kufanya, kwa mpangilio huu:

1. Ondoa chakula chote. Maji yabaki.
2. Pima mapigo, fizi, joto na sauti za tumbo, na uandike saa.
3. Mpigie daktari. Mapigo yakizidi 60, fizi zikiwa nyekundu iliyoiva au za zambarau, au maumivu yakiwa makali, mwambie wazi kwamba ni dharura.
4. Kama farasi anataka kujigaragaza, mtembeze polepole kwa dakika 10 hadi 15, kisha mpumzishe. Kama amelala kwa utulivu, mwache. Kumburuta kwa saa tatu kuzunguka uwanja kunamchosha bure, na nimeshuhudia farasi wakifikishwa kwa daktari wakiwa wameisha nguvu kwa sababu ya matembezi kuliko ugonjwa.
5. Rudia vipimo kila baada ya dakika 15.

Onyo. Usimnyweshe mafuta ya kula, soda, wala dawa yoyote kwa chupa. Farasi hawezi kutapika, na tumbo lililojaa linaweza kupasuka. Isitoshe, kinachomiminwa kwa nguvu mdomoni huingia mapafuni kwa urahisi. Daktari ana mrija maalumu wa kupitisha puani hadi tumboni. Vilevile usimchome sindano ya kutuliza maumivu kabla ya kuzungumza na daktari, kwa maana dawa hiyo hufunika dalili, na utumbo uliojisokota utaendelea kufa huku farasi akionekana amepata nafuu.

Kupima mchanga. Chukua vipande sita vya kinyesi kutoka katikati ya fungu, visivyogusa ardhi, uviweke ndani ya glovu ndefu. Mimina lita moja ya maji, vunja vipande kwa mkono, kisha ining'inize glovu kwenye msumari kwa dakika 20, vidole vikiwa chini. Nyuzi za majani zitaelea juu. Mchanga utashuka taratibu kwenye ncha za vidole, na ukibana ncha hizo utausikia ukikwaruza. Ukiona zaidi ya kijiko kimoja cha chai, farasi huyo anakula ardhi pamoja na chakula chake. Glovu isiyo na mchanga, hata hivyo, haithibitishi kwamba utumbo ni safi, kwa sababu mchanga unaweza kukaa chini ya utumbo mpana bila kutoka.

Kinga yake ni rahisi kuieleza na ngumu kuidumisha. Kuanzia Kunduchi hadi Bunju, na Kigamboni yote, ardhi yetu ni ya kichanga, kwa hiyo majani yasimwagwe chini kamwe. Yaweke kwenye hori pana lililo chini kidogo, likizungukwa na sakafu ya saruji au mpira mzito wa kukanyagia, na pafagiliwe kila siku. Hakikisha pia majani yapo kwa sehemu kubwa ya mchana na usiku, kwa sababu farasi mwenye njaa huokota kila unyasi uliolala mchangani.

## Hatua ya 4: Homa

Joto la nyuzi 38.6 au zaidi asubuhi, farasi akiwa amepumzika, ni homa. Likifika 39, piga simu siku hiyo. Likifika 40, piga simu saa hiyo. Kuna mambo matatu ambayo mfugaji wa pwani anapaswa kuyafikiria kwanza.

Ugonjwa wa farasi wa Afrika. Huletwa na virusi vinavyosambazwa na usubi, wale wadudu wadogo kuliko mbu wanaouma kuanzia magharibi hadi alfajiri na kuzaliana penye matope. Hatari huongezeka mvua zinapokolea na baada yake. Farasi hupandwa na homa ya nyuzi 40 au 41, huvimba kwenye vishimo vilivyo juu ya macho, na katika aina inayoshambulia mapafu huhema kwa shida huku povu likimtoka puani. Aina hiyo huua farasi walio wengi ambao hawana kinga, mara nyingi ndani ya muda mfupi sana. Hakuna dawa ya kuponya. Hauambukizi kwa kugusana, lakini usubi uliomuuma mgonjwa utamuuma na jirani yake, kwa hiyo wahamishie wote ndani ya mabanda yenye wavu wa matundu madogo sana, na utoe taarifa kwa afisa mifugo wa eneo lako kwa kuwa ni ugonjwa wa kuripotiwa.

Chanjo ipo. Izungumzie na daktari wiki nyingi kabla ya masika, kwa sababu mwili unahitaji muda wa kujenga kinga, na farasi aliyechanjwa anahitaji mapumziko. Aidha waingize farasi ndani kabla ya saa kumi na mbili jioni, weka feni zinazosukuma upepo kwa nguvu kwa kuwa usubi hauruki vizuri penye upepo, na kausha madimbwi yanayozunguka bomba la maji.

Ugonjwa unaoletwa na kupe. Vijidudu vya Theileria equi na Babesia caballi huingia kwenye chembe nyekundu za damu na kuzivunja. Farasi huwa na homa inayokuja na kuondoka, fizi zinapauka au kuwa za manjano, anachoka upesi, na mkojo unaweza kuwa wa rangi ya chai nzito. Daktari achukue damu kabla ya kuanza dawa. Sampuli zinaweza kupelekwa katika maabara ya veterinari iliyopo Temeke. Dawa inayotumika zaidi husababisha maumivu ya tumbo kwa baadhi ya farasi, kwa hiyo daktari ndiye achome na abaki kumwangalia.

Nagana, yaani ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Ikiwa farasi amepitishwa au kuchungwa karibu na mapori yenye mbung'o, mwambie daktari bila kuulizwa. Homa za vipindi, kukonda ilhali anakula, na uvimbe chini ya tumbo humwelekeza mtu huko. Dawa ya sindano ambayo wafugaji wa ng'ombe hujichomea wenyewe kwa ugonjwa huu inaweza kumdhuru vibaya farasi kipimo kikizidi kidogo tu.

## Hatua ya 5: Kwato na misumari

Farasi aliyekuwa mzima jana na leo hataki kabisa kukanyaga mguu mmoja, mara nyingi ana jipu ndani ya ukwato. Weka kiganja juu ya ukwato: utakuwa na joto kuliko mwenzake. Gusa kwa vidole viwili pande zote za nyuma ya kifundo, juu kidogo ya ukwato. Mshipa utakuwa unadunda kwa nguvu.

Daktari au fundi wa kwato akishatoboa njia ya usaha, kazi inayobaki ni yako. Loweka ukwato katika maji ya uvuguvugu yenye chumvi kwa dakika 20, ukaushe, funika kwa pamba yenye iodini, uvishe nepi ya mtoto, kisha uzungushie utepe mpana wa gundi mpaka uwe kama kiatu. Badilisha kila siku. Farasi kwa kawaida huanza kukanyaga ndani ya siku moja au mbili baada ya usaha kutoka, na ukavu wa tundu ndio uthibitisho kwamba anapona.

Msumari. Jiji letu linajengwa kila kona, na misumari iko kila mahali. Ukiukuta msumari umezama chini ya ukwato, usiung'oe kwa hasira. Piga picha mbili kwa simu, moja kutoka chini na nyingine kutoka ubavuni, ili daktari aone umeingia wapi na umeelekea upande gani. Akiweza kufika upesi, mwachie aung'oe mwenyewe na uzuie farasi asikanyage. Kama haiwezekani, ung'oe ukifuata mwelekeo uleule ulioingilia, uweke alama mahali pa tundu, na uutunze msumari ili urefu wake upimwe. Tundu likiwa katikati ya ukwato kuelekea nyuma, hilo ni jambo la dharura hata kama farasi anatembea vizuri, kwa sababu hapo chini kuna mfupa na kifuko cha majimaji ya kiungo.

Hapo ndipo pepopunda huingia. Farasi huathirika na ugonjwa huu kuliko mnyama mwingine yeyote wa kufugwa: hukakamaa shingo na miguu, mkia husimama, utando wa ndani ya jicho hujitokeza ukimshtua, na taya hufunga. Wengi hawaponi. Chanjo yake ni ya bei ndogo ukilinganisha na thamani ya farasi, na hurudiwa kila mwaka, pamoja na dozi nyingine akipata jeraha la kina. Sioni sababu yoyote inayokubalika ya kuwa na farasi asiyechanjwa pepopunda.

Kuvimba ndani ya kwato zote. Farasi aliyevunja mlango wa stoo na kula pumba au nafaka nyingi anaweza kupata laminitisi, yaani kuvimba kwa tishu zinazoshikilia mfupa ndani ya ukwato. Husimama miguu ya mbele ameinyoosha, uzito ameuegemeza nyuma, na hukataa kugeuka. Usisubiri dalili. Ukijua amekula, mwite daktari na umsimamishe kwenye barafu mara moja, ndoo au mifuko ikifika karibu na goti, ikiendelea kwa siku mbili hadi tatu. Barafu ya kutosha hupatikana kwa wauzaji wanaowahudumia wachuuzi wa samaki pale Feri. Baridi hiyo ina manufaa makubwa kabla maumivu hayajaanza.

Kuoza kwa sehemu laini ya pembetatu chini ya ukwato, kunakotambulika kwa harufu kali na utando mweusi, hutokana na banda lenye unyevu. Safisha kila siku, paka iodini, kausha banda, na fundi apunguze kwato kila baada ya wiki 6 hadi 8.

## Hatua ya 6: Joto na jasho

Kuanzia Desemba hadi Machi, joto letu likichanganyika na unyevu wa bahari, jasho halikauki na mwili haupoi. Panda farasi alfajiri, kabla ya saa mbili. Maji yawepo muda wote, kwani farasi mmoja anaweza kumaliza lita 50 au zaidi kwa siku ya joto, na aongezewe vijiko viwili vya mezani vya chumvi kwenye chakula.

Farasi anayehema zaidi ya mara 40 kwa dakika robo saa baada ya kazi, au mwenye joto linalozidi nyuzi 40, mpeleke kivulini na ummwagie maji baridi mwili mzima, mfululizo, bila kusita. Wapo wanaoamini kwamba maji baridi huua misuli. Imani hiyo si kweli, na imegharimu maisha. Endelea kumwaga mpaka joto lishuke chini ya nyuzi 39. Mpe maji ya kunywa pia.

Wapo farasi, hasa waliotoka nchi za baridi au nyanda za juu, ambao hapa pwani huacha kabisa kutoka jasho. Utawajua kwa ngozi kavu baada ya kazi iliyowatoa wenzao jasho tiririka, kuhema mchana kutwa, na nywele kupukutika usoni. Farasi huyo apumzishwe, awekewe feni na kivuli, na akaonwe na daktari. Asiyepata nafuu huenda ikabidi ahamishiwe penye ubaridi.

## Hatua ya 7: Ngozi wakati wa mvua

Masika na vuli huleta magaga mgongoni na miguuni. Ukiyabandua, nywele hutoka zimeshikana kama brashi ya rangi. Ni bakteria wanaopenda ngozi iliyolowa. Lainisha magaga kwa maji ya klorheksidini, acha dakika 10, yaondoe yale yanayotoka bila kuumiza, suuza, na umkaushe farasi kabisa. Usimvishe blanketi juu ya ngozi mbichi, wala usitumie brashi yake kwa mwingine.

## Hatua ya 8: Vitu vya mifugo mingine vinavyoua farasi

Tafadhali soma sehemu hii pamoja na watunzaji wako, kwa sababu duka moja la pembejeo huuza vyote hivi kwenye rafu moja.

Chakula cha kuku. Vyakula vingi vya kuku huchanganywa dawa za kuzuia ugonjwa wa kuhara damu, kama monensini na salinomaisini. Kiasi ambacho kuku hula bila shida huharibu moyo wa farasi na kumuua. Usitumie hata beseni au koleo lililotumika kuchotea chakula cha kuku, na muulize msagaji kama mashine yake huchanganya vyote viwili.

Dawa ya kuogeshea ng'ombe yenye amitrazi. Kwa farasi husimamisha utumbo na kusababisha tumbo kufunga. Soma lebo kabla ya kununua dawa yoyote ya kupe, na uchague kwa ushauri wa daktari.

Mahindi na pumba zenye ukungu. Sumukuvu za mahindi huharibu ini, na mojawapo huyeyusha ubongo wa farasi. Pumba ikiwa na harufu ya uvundo, imeshikana madonge, au gunia limelowa, itupwe. Usimpe ng'ombe, usimpe kuku.

Minyoo nayo ina kosa lake. Kumpa dawa kila mwezi bila kupima kinyesi huzalisha minyoo sugu. Pima mayai kwenye maabara kwanza, kisha toa dawa kwa uzito uliokadiria kwa futikamba.

## Hatua ya 9: Kumwita daktari na kumsubiri

Tuma ujumbe kabla ya kupiga simu, ili daktari aone namba hata akiwa barabarani. Uwe na mambo haya: "Farasi jike, miaka 9, kilo 365. Tangu saa kumi na moja alfajiri anaparua na kutazama ubavu. Mapigo 56, kawaida yake 36. Joto 37.9. Fizi waridi iliyofifia, sekunde 3. Tumbo kimya upande wa kulia. Amekunya mara moja usiku. Hajapewa dawa. Tupo Kigamboni."

Kisha kadiria foleni kwa ukweli. Daktari anayevuka kutoka mjini kuja Kigamboni saa kumi na moja jioni anaweza kutumia saa mbili, iwe kwa kivuko au kwa daraja, kwa hiyo dalili za jioni zisisubiri zikolee. Kama anahitaji dawa ambayo hana, muulize jina na kipimo chake, umtume bodaboda mapema, ikutane naye bandani.

Wakati unasubiri, endelea kupima kila robo saa na kuandika. Washa taa, fungua geti, mfungie mbwa, na mtu mmoja asimame na tochi pale njia ya vumbi inapoachana na barabara ya lami. Daktari akishamaliza, andika jina la kila dawa aliyochoma, kiasi na saa. Muulize ni lini farasi arudishiwe chakula, aanze na kiasi gani, na ni namba ipi ikionekana usiku huo itakulazimu kumpigia tena.